Kwa Shemeji Tekla, Uliyenifunga Mtoto Kifuani

Mpendwa shemeji Tekla,

Najua utacheka ukiona nimekuita shemeji mbele ya watu wote. Wodi nzima walikuita Sista, na mimi nilianza hivyo hivyo. Mama mkwe wangu ndiye aliyeanza kukuita mwanangu, na kwa kuwa nimemuoa binti yake, sikuona jina jingine la kukuita. Nakuandikia barua hii ya wazi kwa sababu ulihamishiwa mkoa wa mbali, na namba yako haipatikani tena. Kama kuna anayemfahamu muuguzi Tekla, mzaliwa wa Lulindi, mrefu, mwenye sauti ya kukwaruza kidogo na kicheko kinachosikika hadi dirisha la dawa, tafadhali amsomee. Amwambie imetoka Mkunya, kwa Baba Somoe.

Unakumbuka tulivyofika? Mke wangu Zaituni alishikwa na kifafa cha mimba akiwa na miezi saba. Gari la wagonjwa lilitushusha kutoka Newala hadi hospitali ya Masasi, na kwenye ule mteremko nilikuwa nimemshika mkono, nikimwita, naye haitiki. Wakampasua siku hiyo hiyo. Niliambiwa mtoto ametoka hai, wa kike, njiti, na mama yake bado hajazinduka. Basi nikawa na watu wawili ndani ya jengo moja, kila mmoja na mlango wake, na sikujua nisimame mlango upi.

Ulinikuta hapo koridoni. Nilidhani utaniambia nisubiri nje kama wanaume wengine. Ukaniuliza, "Baba mtoto, umekula?"

Nikasema hapana. Ukaniletea chai na muhogo wa kuchemsha, ukakaa nami kwenye benchi mpaka nikamaliza. Ndipo ukanieleza, taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Mapafu yake hayajakomaa. Mpira huu wa puani unampa hewa, ule mwembamba unampelekea maziwa tumboni. Kisha ukasema neno ambalo mpaka leo nalikumbuka: "Mashine ikilia, usiitazame mashine. Mtazame mtoto kwanza."

Nikamtazama. Ngozi yake ilikuwa nyembamba kama lile ganda la ndani linalobanduka korosho ikishakaangwa. Niliona hata aibu kupumua karibu naye.

Mama mkwe alifika kesho yake kwa basi, anakohoa. Alisimama mbele ya kile kitanda cha joto, akatazama sana, kisha akakwambia kwa sauti ya chini, "Tupeni mtoto wetu tumrudishe nyumbani, akapumzikie kwa ndugu zake." Sote tulielewa kupumzika huko maana yake nini. Nimewahi kuona watu wakikaripiwa kwa maneno mepesi kuliko hayo. Wewe ulivuta stuli ukamkalisha, ukamuuliza kama alishawahi kupata mtoto wa namna hii.

Akasema amewapata wawili, na wote aliwazika.

"Walikuwa wanaitwa nani?"

"Hawakufika kupewa majina," alisema, na hapo akaanza kulia. Nimekaa na mkwe wangu miaka mingi, sikuwa nimewahi kuwasikia watoto hao. Ulimshika mkono, hukumharakisha. Aliponyamaza ukamwambia, "Mama, wale hawakuipata hewa hii. Huyu anaipata. Tusaidiane, wewe na mimi."

Akajifuta kwa ncha ya kanga. "Haya, mwanangu. Nimekusikia."

Hapo ndipo undugu wetu ulipoanza, shemeji. Na hukuchelewa kunipima! Ulieleza kwamba mtoto anataka joto la mwili wa mtu, ngozi kwa ngozi, mchana kutwa. Mama yake hana fahamu. Bibi yake ana kikohozi. Ukageuka kunitazama mimi.

"Baba, vua shati."

Wewe ni wa huku huku, unajua vizuri ulichokuwa unakitaka. Mimi hata kutafuna mbele ya mama mkwe ilikuwa kazi, sembuse kukaa kifua wazi! Nilitazama sakafu. Yeye akatazama dirisha. Nikajitetea kwa mikono yangu: ni ya mkulima, imepasuka, imeungua kwa mafuta ya maganda ya korosho, nitamchubua mtoto.

"Mikono ipumzike," ukasema. "Leo kazi ni ya kifua."

Ukavuta pazia. Ukamwomba mama mkwe akae upande wa pili atuombee dua, tena kwa sauti ili mtoto amsikie. Akaanza kusoma, huku wewe, Mkristo wa Lulindi, ukiitikia amina na kunifunga mwanangu kifuani kwa kitenge cha mama yake. Sikuhisi uzito wowote. Nilihisi joto dogo, na moyo unaokimbia karibu na wangu. Nilikaa vile mpaka mgongo ukafa ganzi, na ulipokuja kumchukua nilikuomba uniongezee muda.

Wanaume waliokuja kuwaona wake zao walinichungulia wakacheka, wakauliza mimba yangu ina miezi mingapi. Uliwajibu kabla yangu: "Karibuni ndani. Kitenge kipo, na watoto wapo." Wakatawanyika. Mmoja alirudi baadaye, peke yake, akakuuliza kama kweli inaruhusiwa.

Halafu ikaja asubuhi ile. Mashine ililia. Nikainamisha kichwa kumtazama mtoto, kama ulivyonifundisha, nikaona midomo inageuka rangi na kifua kimetulia. Nikapiga kelele. Ulifika mbio, ukapiga magoti mbele yangu, ukashika ule mpira wa hewa, lakini hukuninyang'anya mtoto.

"Msugue mgongo, baba. Kwa nguvu kidogo. Muite!"

"Nimwite nani? Hana jina!"

Pazia likafunguliwa. Mama mkwe aliingia, amejiziba mdomo kwa kanga kwa ajili ya kile kikohozi, akasimama juu yangu, mimi nikiwa kifua wazi, akaita jina lake mwenyewe. "Somoe! Somoe wee! Amka, somo yangu, usinifanyie hivyo!" Nami nikaita Somoe. Nawe ukaita. Tulikuwa watu watatu tunamwita mtoto mmoja kama anayeitwa toka ng'ambo ya bonde. Mgongo ukashtuka chini ya vidole vyangu. Akakunja uso, akavuta hewa, akalia kisauti chembamba, na kwangu kilikuwa kikubwa kuliko adhana.

Ukainuka. Ukakaa kwenye stuli ya mama mkwe, ukacheka huku machozi yanakutoka. "Hata mimi niliogopa," ulituambia. Nilikupenda zaidi kwa neno hilo. Mama mkwe hakurudi nyuma ya pazia tena. Kuanzia siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa akinifunga kitenge, na akinikaripia nikikaa vibaya. Aibu ya ukwe iliishia pale pale.

Zaituni naye akazinduka. Kitu cha kwanza aliuliza mtoto yuko wapi. Wewe ulitoka wodi yako ukamfuata, ukamwambia wazi wazi, "Yu hai. Yuko kifuani kwa mumeo."

"Mume wangu huyu huyu?"

Ulitusimulia jibu hilo ukiwa umeshika mbavu. Alipoweza kukaa ulimleta kwa kiti cha magurudumu. Akanikuta kifua wazi, mama yake akinikazia fundo la kitenge begani, akashindwa ashangae lipi kwanza. Ulimweka Somoe kifuani kwake, ukamwonyesha namna ya kukamua maziwa, ukakaa naye siku zote zile ambazo hayakutoka, ukimwambia yatakuja. Yalikuja. Na Somoe aliponyonya mwenyewe mara ya kwanza, bila mpira, akina mama wa wodi nzima walipiga vigelegele mpaka daktari akaja kuuliza kuna nini. Ulimjibu, "Kuna harusi!"

Siku ya kuruhusiwa hukututoa kwa mlango wa nyuma kama watu wanaoondoka kimya kimya. Ulitupitisha kitanda kwa kitanda, ili wale ambao watoto wao walikuwa bado na mipira puani wamwone Somoe. Zaituni aliwashika mikono mmoja mmoja. Tukaupanda mlima kurudi Newala, mtoto akiwa kifuani kwangu, na safari hii nikimwita Zaituni ananijibu, "Nini tena?"

Tangu uhamishwe, shemeji, sijakaa bure. Mtu wa hapa Mkunya au vijiji vya jirani akipata njiti, huja kwangu. Namwonyesha kufunga kitenge. Anayeona haya namkalisha na mama mkwe, naye humaliza maneno. Hakuna anayecheka tena. Juzi nimemkuta baba mmoja amekaa kibarazani, mtoto amemfunga kifuani, anabishana mambo ya mpira wa miguu na wenzake kama kawaida.

Sasa nikupe habari iliyonifanya nichukue kalamu. Somoe yuko darasa la pili, na jioni anakwenda madrasa. Mwaka huu, kwenye Maulidi, yeye ndiye aliyechaguliwa kuongoza kaswida. Watu walijaa baada ya alasiri, wageni wametoka Newala, wengine Masasi, vipaza sauti vimefungwa juu ya mikorosho. Akatoka mbele na kanzu nyeupe na ushungi wa kijani, mdogo kuliko wenzake wote, akashika maikrofoni kwa mikono miwili. Zaituni alinitafuta kwa macho kutoka upande wa akina mama. Nilikuwa nimesimama, sikuweza kukaa.

Akaimba. Sauti ilikwenda juu ya paa za bati, ikavuka mashamba. Bibi yake akainuka kwa fimbo, akaenda mpaka mbele, akammwagia marashi kichwani mpaka chupa ikaisha. Ubeti wa mwisho una sehemu ya kuvuta, ndefu, ambayo wakubwa huikata katikati ili wapumue. Mimi nikajikuta nimeshika kifua. Somoe hakuikata. Aliivuta peke yake, mahali pote pametulia, akaifikisha mwisho, na pumzi ikambakia ya kucheka.

Popote ulipo, jua kwamba una nyumba Mkunya. Zaituni anakusalimu sana. Mama yako anasema usije na soda, uje na miguu yako tu.

Shemeji yako akupendaye,
Baba Somoe