Komeo la Nyumba ya Stesheni

Nyumba ya Wageni, Stesheni,
Malampaka.
Jumapili, alasiri.

Kwako mdogo wangu Athumani,

Asalaam aleikum. Naomba barua hii ikukute umekaa, maana ukiisoma umesimama utaanza kutembea huku na huku uani kama ufanyavyo ukikasirika, na watoto watajua kuna jambo. Mama hajambo? Miguu yake bado inavimba? Na mkeo keshajifungua, au bado anatuweka roho juu? Mimi mwili wangu mzima, alhamdulillahi. Sina homa, sijavunjika mahali, silali na njaa. Lakini Athumani, sitakuja. Neno hilo nimelitanguliza kwa makusudi kwa sababu nakujua, utaruka mistari kutafuta siku ninayofika. Siku hiyo haimo humu. Harusi ya mwanangu Mwanaidi itanikuta huku huku, na wewe ndiye utakayemuozesha. Sasa kaa, nikueleze.

Nilikuandikia kwamba tajiri yetu alinipangia chumba katika nyumba ya wageni ya zamani, mkabala na stesheni. Inasemekana ilijengwa wakati reli inafika huku, kwa ajili ya wanunuzi wa pamba wa enzi hizo waliokuwa wakishuka na masanduku yao. Kuta ni za mawe, nene kiasi kwamba dirishani mtu anaweza kukaa na kukunja miguu. Kitanda ni samadari ya chuma, na chandarua chake kimebaki viraka vitupu. Uani kuna beseni kubwa la kuogea la Kizungu ambalo sasa kuku wanatagia humo. Kwenye mbao za mlango wa chumba changu wageni wa zamani wamechonga majina yao. Siku ya kwanza nilicheka, nikajiuliza watu hawa walikuwa na kazi gani hata wakapata muda wa kuchonga. Sasa nawaelewa vizuri sana.

Mwenye nyumba ni mama mmoja wa makamo, mjane, anaitwa Minza. Wenyeji humwita Mayu Minza, yaani mama Minza, nami nikafuata. Anasema zamani nyumba ilikuwa inajaa msimu wa pamba tu. Lakini tangu mambo yawe soko huria, kila mwenye gari na mizani ni mnunuzi, na chama cha ushirika kilichozoea kuwa peke yake kinagombea magunia na watu wasiojulikana walikotoka. Kwa hiyo wageni wa kila namna wamelala kwenye hii samadari. Safari hii nilikuwa peke yangu kwa sababu msimu bado. Sisi mafundi tunasimika kinu cha kuchambulia pamba tu. Mkanda wa mashine ulikatika, tajiri akaenda Mwanza kutafuta mwingine, akaniambia nipumzike mpaka arudi. Kupumzika huko ndiko kulikoniponza.

Baraza ya nyumba imezungushiwa wavu wa chuma, ina mlango wenye komeo kwa ndani. Hapo barazani, juu ya mnyororo, kinaning'inia kipande cha reli. Nilikiona nikakumbuka kile kilichokuwa kikituita kazini kwenye mkonge, nikadhani nacho kimeshapitwa na wakati. Sikuuliza. Na Mayu Minza hakuniambia, kwa sababu huku hata mtoto anayetambaa anajua kazi ya kile chuma, na nani angefikiri mtu mzima mwenye mvi hajui?

Basi siku moja mchana Mayu Minza alikuwa shambani kwake, nami nimejilaza. Nikasikia mwanamke anapiga yowe mbali, kali na refu. Kabla halijakatika akalipokea mwingine, halafu mwanamume, halafu likawa linazunguka mji mzima. Nikachungulia dirishani. Wanaume wanakimbia na marungu, wengine na pinde na mishale, wengine vifua wazi. Athumani, mimi na wewe tumekulia mjini, Ngamiani. Sisi tukisikia watu wanakimbia na marungu tunafanya nini? Nilitoka mbio barazani nikasukuma komeo, nikarudi chumbani nikafunga na dirisha. Punde akaja mtu akautikisa ule wavu kwa nguvu, anapiga kelele kwa Kisukuma. Nilikaa kitandani nikisoma Ayatul Kursiyu. Akatikisa, akatikisa, mwisho nikasikia miguu yake inaondoka. Nikamshukuru Mungu kwa kuniokoa.

Sikuwa nimeokolewa chochote. Yowe lile wanaliita mwano. Likipigwa, maana yake ng'ombe wameibwa au mtu ameuawa, na kila mwanaume anayelisikia anatoka, awe anakula, awe na homa, awe mgeni. Na aliye kwenye nyumba ya stesheni kazi yake ya kwanza ni kugonga kile chuma, kwa sababu sauti yake inafika vijiji vya ng'ambo ya mto, na watu wa huko wanaziba vivuko. Yule mtu alikuja kukigonga mwenyewe. Akakuta komeo. Ikabidi akimbie kwa miguu mpaka mtoni, na alipofika wezi walishavuka na ng'ombe wote. Jioni ile mvua ilinyesha huko juu, mto ukajaa, na waliokuwa wakifuata nyayo wakasimama ukingoni wakitazama maji, wakingoja yapungue wavuke.

Mayu Minza aliporudi hakunigombeza. Alilitazama lile komeo, akanitazama mimi, akakaa chini kwenye ngazi na jembe lake mkononi.

"Ulikuwa humu ndani?" akaniuliza.

"Nilikuwa humu."

"Mayu wane!" akasema, yaani mama yangu we.

Kesho yake nikaitwa kwenye mkutano wao, uwanja wa stesheni. Ni sungusungu, jeshi la jadi, na mkuu wao wanamwita mtemi. Nilitegemea jitu la kutisha. Nikamkuta mzee mwembamba mwenye koti la suti na ndala, anaongea taratibu utadhani anamliwaza mgonjwa.

"Mgeni, ulisikia mwano?"

"Nilisikia, mzee."

"Ukafanya nini?"

"Nilifunga mlango."

Watu wakaguna. Akanyoosha mkono wakanyamaza.

"Kwenu mtu akilia, mnafunga mlango?"

Ndugu yangu, pale niliona aibu kuliko hofu. Nilitaka kumweleza mambo ya mjini, vibaka, watu wanaosingiziwa wizi wakachomwa moto, lakini kila nikilipima jibu naona limebaki kuwa moja. Nikasema, "Ndiyo, mzee. Tunafunga."

Mwenye ng'ombe naye alikuwepo, Mzee Nkwabi. Nikaomba nisamehewe, nikasema mimi nina harusi ya binti yangu wa kwanza, mimi ndiye walii wake wa kumuozesha, naomba waniache niende kisha nirudi nihukumiwe. Mzee Nkwabi akainuka. "Na mimi binti yangu anaolewa," akasema. "Ng'ombe wale ni wa mahari yake. Walilala zizini kwangu siku moja tu. Leo wazazi wa mume wananiuliza, ng'ombe wameibwa, je, tuseme ulishapokea au hujapokea? Mtoto wangu kakaa ndani, haijulikani ameolewa au hajaolewa. Sasa wewe unataka kwenda kucheza ngoma?" Hakusema kwa ukali. Ingekuwa nafuu angenitukana.

Uamuzi ukawa kwamba nimetengwa, nisisemeshwe na mtu wala nisiondoke, mpaka wafuata nyayo watakaporudi na neno la ng'ombe limalizike. Hapo vijana wakapiga kelele kwamba mgeni hatengwi, atatoroka tu, afungwe kamba. Mayu Minza akasimama katikati ya wanaume wote wale. "Huyu yuko nyumbani kwangu," akasema. "Akiondoka kabla ya neno kwisha, mnitenge mimi." Mtemi akamuuliza kama amefikiri. Akajibu kuwa nyumba ile ililaza wageni kabla yeye hajazaliwa, na hajasikia mgeni aliyetolewa humo kwa kamba.

Basi ndivyo ninavyoishi. Hakuna aliyenigusa, hakuna aliyeniibia. Natoka barazani asubuhi nasema "mwangaluka", salamu yao ya asubuhi, na watu wanaitazama reli kana kwamba ndiyo iliyosema. Dukani nikiingia mwenye duka anaanza kufuta mizani. Kisimani kina mama wananipisha mpaka nichote, wakinisubiri kimya. Mafundi wenzangu wa kinu wameketi chini ya banda lao, nikifika wanainuka mmoja mmoja. Msikitini, maana upo msikiti mdogo wa bati, tunasali safu moja, lakini tukishatoa salamu mkono wangu unabaki hewani. Tajiri ameleta ujumbe kutoka Mwanza kwamba nivumilie, yeye hataki kugombana na wakulima kabla ya msimu. Mimi, Athumani, mwenye mdomo huu unaoujua, ambaye Mama alisema nitazikwa naongea, naongea na kuku kwenye beseni.

Mayu Minza tu ndiye huzungumza nami, na ni ndani ya kuta hizi. Ananipikia viazi vyao vikavu wanavyoviita michembe, ananiwekea na maziwa ya mgando, anakaa mbali kidogo kuhakikisha nakula. Nimemwambia kwetu tunapika kwa nazi. Akaniuliza nazi ni mnyama gani. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, halafu yakaendelea kutoka, nikageukia ukutani.

Kibaya kuliko vyote ni treni. Dirisha langu linatazama jukwaa la stesheni. Treni ya Tabora inapofika nasikia hata watu wakiulizana wamesahau nini. Wenye treni hawajui habari ya kutengwa wala hawanijui mimi. Kutoka kitandani mpaka behewani ni mwendo wa kumaliza sigara nusu. Na wiki iliyopita nilikwenda. Nisikufiche. Nilivaa kanzu niliyoishonesha kwa ajili ya harusi, nikalibeba begi, nikavuka reli, nikapanda mguu mmoja kwenye ngazi ya behewa. Nikageuka. Mayu Minza alikuwa barazani anafagia. Aliniona. Hakuniita, hakuinua mkono, aliendelea tu kufagia pale pale palipokwisha kuwa pasafi. Angeniita ningepanda. Wallahi, angepiga hata kelele moja ningepanda nikakaa na nisitazame nyuma. Nilishusha mguu, treni ikaondoka, nikarudi na begi langu.

Asubuhi yake nilichukua spana na bisibisi nikaling'oa lile komeo la baraza. Nimeziba na matundu kwa vijiti. Wapita njia walisimama wakatazama. Mlango wa chumba changu hauna ufunguo tangu zamani. Kwa hiyo ukimsikia mtu pale mtaani anasema kaka yako kafungwa huko bara, mwambie hakuna mlango hata mmoja uliofungwa.

Najua utasema nimelogwa. Najua mama Mwanaidi atalia, naye ana haki. Lakini nimewaza hivi: nikija, nitakaa pale na kilemba changu, nitashika mkono wa bwana harusi, nitasema maneno, nami nikijua kwamba kuna mama anachota maji huku watu wakimpa mgongo kwa sababu yangu. Nitamwozesha mtoto kwa ulimi gani?

Basi soma haya mbele ya mwalimu wa madrasa na ya wazee. Mimi Bakari, baba yake Mwanaidi, nikiwa na akili zangu na bila kulazimishwa, nimekuweka wakili wangu wewe mdogo wangu wa damu, Athumani, umuozeshe binti yangu Mwanaidi kwa Hamisi, kwa mahari aliyoyataja na kuyaridhia binti mwenyewe. Ukishika mkono wa Hamisi jua ni mkono wangu. Usiubane sana, kijana ana aibu.

Jina utakaloliona hapo chini ni la Saidi, karani wa tiketi wa hapa, mtu wa Ujiji. Nilimwomba awe shahidi nikizungumza peke yangu nje ya dirisha lake la tiketi. Hakunijibu, na mimi sikumlaumu. Lakini leo baada ya adhuhuri aliingia hapa barazani, akaisoma sehemu hiyo, akatia sahihi, akairudisha kalamu mezani na kutoka, bila kufungua mdomo wala kunitazama.

Nisalimie Mama, umwambie mwanawe anakula. Nisalimie shangazi yetu mkubwa, na umzuie asije akamsimulia bwana harusi ujana wangu. Nisalimie jirani yetu muuza kahawa. Shemeji yako, mama Mwanaidi, usimsomee barua hii. Mpe aisome mwenyewe, faragha, achukue muda wake. Na Mwanaidi mbusu kwenye paji la uso pale ninapombusu mimi, chini kidogo ya kovu la tetekuwanga. Usimwambie lolote siku hiyo. Mwambie baada ya fungate.

Ningeandika zaidi lakini treni imeshapiga honi kule kwenye kona, na Mayu Minza amesimama mlangoni. Amejifunga kanga mpya, kwa sababu yeye ndiye atakayeikabidhi barua kwa mlinzi wa behewa. Mimi siiamini tena miguu yangu karibu na behewa. Ameitazama barua, amelitazama begi langu chini ya samadari.

Ameniuliza, "Mgeni, nipeleke barua, au ninyamaze upande treni, nisikuone tena?"

Nimemwambia, "Peleka barua, mayu."

Kaka yako,
Bakari

Shahidi: Saidi, karani wa tiketi.