Mkono Uliokuwa Kiunoni

Jumatatu, 4 Agosti
Miruko ishirini kabla ya kwenda kazini dukani. Ukuta wa nyuma ya chumba changu hapa Tumbi umejaa alama za chaki, mwenye nyumba kanuna. Kwanza nasimama wima, nanyoosha mkono wa kulia, naweka alama. Kisha naruka, naweka ya pili. Tofauti yake leo: sentimita 41. Timu ya mpira wa wavu ya mkoa inataka 45. Mwaka jana nilikwama hapo hapo. Oktoba natimiza ishirini na tatu, mwakani umri hauniruhusu tena. Majaribio ni Ijumaa ya wiki ijayo.

Jumatano, 6 Agosti
Mazoezi ya jioni. Kocha Neema kasema nachuchumaa mno, kama mtu anayetafuta sindano chini. Magoti yakunjwe kidogo tu, mikono irudi nyuma, halafu vyote viinuke kwa pamoja. Nimejaribu. 42.

Alhamisi, 7 Agosti
41 tena. Nimeukasirikia ukuta, nikauzaba kofi. Ujinga mtupu. Kiganja kinawaka mpaka sasa.

Ijumaa, 8 Agosti
Leo kocha kanirekodi kwa simu, kisha tukatazama polepole. Mkono wa kulia unapanda vizuri. Wa kushoto haupandi. Umebaki kiunoni, umeshika pindo la blauzi. Miruko sita, na mara zote sita umeshika pindo. Wallahi sikujua.

"Unashikilia nini, mwanangu?" kocha kaniuliza. Nimeona aibu.

Najua nashikilia nini. Blauzi zangu zote kashona mama, kule kwetu Chole. Nikiinua mikono zinapanda mpaka kitovuni. Tangu nina miaka tisa naambiwa nijisitiri, tumbo si la kuonyesha watu. Basi mkono ukajifunza kazi yake na hauombi ruhusa. Mazoea yana taabu.

Jumamosi, 9 Agosti
Nimechomekea blauzi ndani ya suruali. Mruko wa pili ikachomoka, na mkono ukakimbilia pale pale. Nikashika jiwe dogo ili usipate nafasi ya kushika kitu kingine. Nimeliangusha kwenye kidole gumba cha mguu. Jezi za dukani zinabana, siwezi kusimama nazo mbele za watu. Zimebaki siku sita. Kesho naenda kwa mama.

Jumapili, 10 Agosti
Chole. Njia nzima nilikuwa na woga. Mama hajawahi kuja kunitazama nikicheza, na wavu kwake ni kujianika uwanjani. Nilimkuta kwenye cherehani. Nikamwambia yote, mpaka la jiwe.

Akaniambia niinue mikono. Nikainua, blauzi ikapanda. Kisha akatungua kanzu ya baba msumarini, akaigeuza, akanionyesha kikwapa. Kipande kidogo cha kitambaa cha pembe nne, kinashonwa kwapani. Ndiyo maana baba huinua mikono na kanzu inatulia.

"Nyinyi wasichana nilikuwa siwawekei. Nilibania kitambaa."

Kasema hivyo bila kuniangalia, akaendelea kutia uzi kwenye sindano. Nilikasirika. Nilimhurumia pia, na sikujua nianze na lipi. Kufika alasiri blauzi ilikuwa tayari. Kijivu, ndefu kupita nyonga, ina vikwapa viwili.

Jumanne, 12 Agosti
43. Halafu 44. Blauzi haipandi. Mkono wa kushoto bado unaanza safari ya kwenda kiunoni, unafika nusu, unakumbuka. Kocha anaupigia kelele kama mbuzi aliyeingia shambani.

Alhamisi, 14 Agosti
Mapumziko, amri ya kocha. Dukani nimempa mteja daftari badala ya rula. Naogopa.

Ijumaa, 15 Agosti
Miruko mitatu, unahesabiwa ule bora.

Wa kwanza 43. Wa pili 42, woga ulinichuchumaza kama zamani. Kabla ya wa tatu nikainua mikono yote miwili juu, nikakaa hivyo hivyo mbele ya watu wote. Hakuna kilichopanda. Nikashusha, nikakunja magoti kidogo, nikaruka.

Mpimaji alipima mara mbili. 46.

Nimechukuliwa. Nimelia chooni, nikatoka nikala chapati tatu. Nilimpigia mama. Akasema alhamdulillahi, kisha akauliza kama blauzi ilipanda. Nikamwambia haikupanda. Akasema basi.

Jumapili, 17 Agosti
Chole tena. Nimekuja na sukari na sabuni. Asubuhi tumefua. Mama alikuwa anaanika shuka, nami nakamua. Kamba baba kaifunga juu, kwa kimo chake. Mama anaifikia kwa shida, anasimama kwa vidole, anarusha shuka kwa mkono mmoja, linaanguka, analirudia.

Nikauangalia mkono wake wa kushoto. Umeshika pindo la blauzi.

Nikaenda kumsaidia kuanika.

Mchana nimemwomba anifundishe kukata kikwapa. Akadhani nataka kujishonea blauzi nyingine, akacheka, akasema leo mchezaji kawa fundi. Cha kwanza nimekikata upande, cha pili kimekaa. Yeye amelala kidogo sasa. Nimeichukua blauzi yake ya kijani, nafumua kwapani.