Kidonge cha Kondoo na Sinia la Ukumbini

Mume wangu, Baba Zuhura,

Huko uliko hakuna ngazi, wala hakuna wa kukukataza wali wa nazi. Mimi ningali kwenye nyumba yetu ya Mji wa Kale, na ningali na maswali yangu. Unanijua, huuliza mpaka watu wachoke.

Unakumbuka miaka ile ya vita, mwili ulipokuzidi? Ngazi zetu nyembamba zilikukata pumzi katikati, ukahamishia kitanda ukumbini. Nikabaki juu peke yangu, nikiogopa kwamba siku moja roho itakutoka chini na mimi sina habari.

Yule daktari wa Kihindi wa Makadara akakupa vidonge vilivyotengenezwa kwa tezi ya shingoni mwa kondoo, na amri ya kupunguza chakula. Alisema ndani yake mna homoni, nazo huuchochea mwili uyeyushe mafuta. Nilikinusa kimoja, kilinuka supu iliyolala. Wewe ulitaka kujua kondoo huyo alichinjwa na nani. Imamu alipokutoa wasiwasi, ukameza kwa Bismillahi. Mimi nilikuwa na langu: ikiwa tezi anayo mwenyewe, mbona kondoo hunona?

Ukameza siku nenda siku rudi. Mikono ikatetemeka, moyo ukaenda mbio, na kanzu zikakubana vilevile. Daktari akaniita. Alisema moyo wako hautastahimili kuongezewa vidonge, na kwamba bila shaka nakupikia kupita kiasi. Niliumia, maana chakula chako cha asubuhi na cha usiku nilikipima kwa kikombe. Mchana tu ndipo ulipokula na wageni uliorudi nao kutoka msikitini, nami nilidhani unaonja.

Basi nikachungulia nyuma ya pazia. Wageni walikula kwa mazungumzo, mmoja akinawa mwingine anaingia, na mkono wako ulikuwa haujatoka kwenye sinia. Nilipokuuliza, ulishangaa mimi kushangaa.

“Mwenye nyumba atowe mkono kabula ya wajeni? Wataondoka na ndaa.”

Nikakwambia umwachie nduguyo sinia, ale nao kwa niaba yako wasiondoke na njaa, wewe uje ule na mimi juu. Kwetu wanaume hula na wanaume, na hata siku za harusi yetu hatukula sahani moja. Kesho yake adhuhuri nikasikia ngazi zinalia. Ulifika umeshika ukuta, jasho linakutoka, nikakutilia samaki, mchicha na wali kidogo. Hukujua utazame wapi. Hata mimi sikujua.

Watu wa barazani walisema nimekutia kwenye chupa. Ukawajibu kwamba kwa mwili wako labda pipa.

Kanzu zikalegea, na kitanda kikarudi juu. Nililia kwa furaha siku hiyo, nikakuficha machozi. Daktari alisema ni vidonge pamoja na chakula. Mimi nilishikilia kwamba ni zile ngazi. Mpaka leo sijui, na bado ningependa kujua.

Ila nimejua jambo jingine, na ndilo linaloniliza nikila peke yangu. Kichwa cha samaki ulikuwa ukikiweka kando, ukikinyonya mwisho kabisa, macho umeyafumba. Tulikuwa tumeshazaa na tumeshaozesha, Baba Zuhura. Miaka yote hiyo nilikupikia, na sikuwa nimewahi kukuona ukila.

Mola akulaze pema.

Mkeo,
Mama Zuhura