Mtani Ndani ya Ndege

Mke mwenzangu Sada,

Marahaba. Hapa Kwihara tumerina asali, na mume wetu, babu yako, amenenepa kwa kuionja tu.

Umeuliza: ndege ikirudi kabla ya kuruka, wewe mhudumu uwaambie nini abiria?

Nilipokuwa na kazi kama yako, siku moja tulikuwa tunakwenda Dar. Ndege ikiwa bado inatembea kuelekea njia ya kurukia, rubani wetu, Mnyamwezi mwenzangu, akatangaza: "Kuna taa imewaka na sijui sababu. Tunarudi, mafundi waangalie."

Ndipo mzee mmoja wa Kizaramo, aliyekuwa akiwahi harusi ya bintiye, akaniambia, "Watani zangu Wanyamwezi, tangu enzi za misafara nyie mmezoea kwenda pwani kwa miguu. Haya, tugawie mizigo tubebe."

"Wewe mtani utabeba injini," nikamjibu.

Ndege nzima ikacheka. Lakini tungewaficha, nani angetania? Kwa hiyo sema ukweli mapema, Sada. Mtani hakosekani.

Mafundi walipomaliza, tukaruka. Magurudumu yalipogusa Dar, mzee akapaza sauti: "Leo Mnyamwezi kafika pwani na soli za viatu nzima."

Mke mwenzio,
Bibi