Usifunge Goti, Tafuta Pajani

Ifakara

Shikamoo Mama,

Mvua imekata barabara na nimekwama kwa wifi yako. Siwezi kutulia. Nakaa, nasimama, natoka kuangalia mawingu, na goti lililoanza kuniuma kwenye palizi ya mpunga linazidi kuwaka. Jana nilikuwa nalifunga kitambaa kama unavyofunga lako, shangazi akanifokea: “Hebu keti! Goti unalionea bure.” Akanishika kidole gumba, akanibonyezesha pajani juu ya goti mpaka tukakuta kifundo kigumu. Nilipokibonyeza, maumivu yakaruka hadi gotini! “Usiachie. Pumua mpaka kilegee.” Kikalegea, nikakunja mguu bila kuguna. Mara nikaanza tena kuzunguka uani. Akasema anajuta kunifundisha.

Mama, fungua hicho kitambaa. Papasa paja taratibu, ukifika panapouma mpaka gotini, hapo hapo, bonyeza. Sipendi kukuona umebaki umekaa kanisani wenzako wote wakipiga magoti. Jumapili ukiweza kupiga, usianze na shukrani. Anza na barabara, ikauke nirudi nyumbani.

Mwanao asiyetulia,
Sabina