Aliyeimba Ubeti Wangu

Saint-Gilles, Noeli

Mjukuu wangu Espoir,

Cheka tu: bibi wa miaka kumi na sita! Lakini nimebeba jina la marehemu bibi yetu, donc ukoo mzima unaniita Koko, yaani bibi, nawe huna pa kukimbilia. Huku ughaibuni hatujambo. Mama bado yuko kazini, mtaa wa Jette, anakusalimu.

Uliniuliza nani alinifundisha kuimba. Bon, ukweli nakuambia wewe peke yako.

Noeli iliyopita, kwaya ya parokia ilinipa ubeti wa peke yangu katika wimbo wa zamani wa Kifaransa, ule ambao marehemu Koko mwenyewe aliuimba Bukavu. Zamu yangu ilipofika, niliogopa. Nilichezesha midomo tu, bila sauti. Lakini ubeti ulisikika mpaka mwisho, ukitokea pale pale niliposimama. Nyuma yangu palikuwa na ukuta.

Vigelegele vikapigwa. Mama alikuja analia. "Mutoto wangu, ni nani alikuonesha kuvuta pumzi mbele ya neno *Noël*? Ile pumzi ilikuwa ya mama yangu, juu kifua kilikuwa kinamusumbua."

Nikapokea sifa isiyo yangu.

Jana walinipa tena ubeti ule. Niliimba mwenyewe, nikakosea mara mbili.

"Alors, leo ni wewe," Mama alisema.

Sikumwambia kwamba nilipolikaribia neno *Noël*, mtu alivuta pumzi nyuma yangu, pale penye ukuta, akaningoja niendelee.

Ukituombea, taja jina letu mara mbili: lake, kisha langu.

Koko wako mdogo