Makunduchi Haiko Yemeni

Bani Malik, Jidda
Mwezi wa Rajabu

Kwa mdogo wangu wa tumbo moja, Mize,

Salaam nyingi, na kama hazikutosha jazia mwenyewe. Magoti yako yanaendeleaje? Na jino lile ulilokataa kung'oa? Mie mzima. Kilichonipungua ni nywele na meno mawili ya mbele, na hayo hayakuwa yakifanya kazi. Na weye bwana unayefungua barua hizi kabla hazijamfikia Mize, nakusalimu pia. Humu hamna siri, ila ukimaliza kusoma ibandike vizuri. Ile ya mwisho ilimfikia imeraruka kama kanzu ya mlevi.

Mize, barua yako nimeipata. Umeandika: "Kaka, kubali karatasi ya Wayemeni. Mama keshakufa, hatojua." Nimekasirika, nikacheka, kisha nikafanya ulivyotaka. Nimekwenda. Kaa kitako nikuhadithie, halafu ndiyo unitukane.

Shida yenyewe unaijua. Ikama yangu, yaani kile kibali cha kukaa hapa, inakwisha baada ya Hija, na haitengenezwi mpya bila ya pasi iliyo hai. Pasi yangu mie ni ile ya zamani yenye muhuri wa Sultani. Sultani kaondoka, na Mngereza aliyekuwa akimshika sikio kaondoka. Karani wa huku kaigeuza juu chini akaniuliza, "Nchi hii iko wapi?" Nikamwambia ipo pale pale, ni nyie mliobadilisha ramani. Hakucheka. Kumwelezea mtu huyu ni taabu. Nilikaa kibaraza kimoja cha Malindi ya Unguja na serikali nne zikanipita mbele: ya Mngereza, ya uhuru ambayo ilidumu mwezi mmoja na siku chache tu, bendera yake haijaoshwa mara ya kwanza, ikaja ya Mapinduzi, na kabla hatujazoea kuiamkia ikaja ya Muungano. Mie nilikuwa nanywa kahawa tu.

Sasa kafili wangu, yaani tajiri anayenidhamini hapa, Abu Fahd, ambaye mie ndiye mpika kahawa wa ofisi yake, kaniletea dawa. Mtu huyu alikuwa akiuza kamba sokoni. Mafuta yalipopanda bei kila mtu akataka kujenga, naye akaingia kwenye saruji. Leo ana nyumba Al-Rawdah yenye ngazi mbili, moja ya kupandia na nyingine sijui ya nini. Kanambia, "Ya Mbarouk, si baba yako Mshihiri? Myemeni hapa haombwi hata kafili. Riyadhi yuko mzee wao mmoja anayewatolea watu ushahidi. Akikuandika, halas, mambo yamekwisha."

Na kweli baba yetu Mshihiri, babu kashuka kutoka Shihr ya Yemeni na gunia begani. Nusu ya karatasi ilikuwa kweli tupu. Nikajipa moyo nusu ya pili itajificha nyuma yake.

Basi tukapanda gari lake jipya, refu kama jahazi la harusi, siku nzima ya jangwa, ananisomesha kama mtoto wa chuoni.

"Umezaliwa wapi?"

"Shihr."

"Mama yako nani?"

"Salma binti Salim, mtoto wa ami yake baba."

"Usisite! Ukisita wanajua."

Riyadhi, Mize, ni mji unaojengwa wote kwa wakati mmoja, kama walioambiwa mgeni anaingia kesho. Vumbi na winchi kila upande, na Wakorea, Wapakistani na Wayemeni wako juu ya kila ukuta. Mzee tuliyemfuata tulimkuta amekaa nyuma ya duka la mabomba, ndevu nyekundu za hina, kalamu sikioni. Mtu mwema, nisimsingizie. Kaniuliza jina la baba, la babu na la baba wa babu, nikayamwaga yote, na la mwisho akalitambua. Akafurahi akanishika mkono. "Huyu damu yetu!" Kalamu ikashuka kwenye karatasi.

"Na mama?"

Nikaitazama ile kalamu. Nakuapia nilikuwa na Salma binti Salim mdomoni, tayari kutoka. Lakini lililotoka ni: "Mwanakombo binti Haji, wa Makunduchi."

Mzee akainua uso. "Makunduchi iko wapi?"

"Kusini."

"Kusini ya Shihr?"

"Kusini sana. Inabidi uvuke bahari kwanza."

Abu Fahd akanikanyaga mguu chini ya meza. Mzee akaweka kalamu chini, akasema kwa upole, "Mwanangu," na mie nna mvi kumshinda, "Mama si lazima awe huyo. Tumwandike mwengine. Karatasi haimuumizi maiti."

Maneno yako hasa, Mize. Nikadhani umemwandikia na yeye.

Nikamwambia: "Mzee wangu, huyo mwengine hakunizaa." Nikanyanyuka, nikavaa viatu.

Sasa usiseme kaka yako kawa mzee mkaidi. Ukaidi nnao tangu zamani. Nataka ukumbuke wakati wa vita, serikali ya Mngereza ilipogawa chakula kwa kabila: Mwarabu na Mhindi mchele, Mwafrika mahindi. Baba akaandikiwa mchele. Mama na kanga zake akaandikiwa mahindi. Tukaja sie wawili, karani akatutazama pua, mie akanipa mchele, weye ukapewa mahindi, na ukalia njia nzima mpaka nyumbani. Mama alipika vyote viwili, akavimimina sinia moja: "Kuleni. Tumboni mwangu hamkukaa vyumba viwili." Baba akala sima na wali wake wa Kiarabu.

Na siku zile za Mapinduzi, walipoingia uani na mapanga wakininyooshea mie: "Huyu Mwarabu!" Weye ulikuwa chini ya kitanda na miguu yote nje. Nani alitoka jikoni? Alitoka na mwiko una nazi, na akasema kwa Kimakunduchi chake kile kisichopakwa sukari: "Nimemzaa mie. Anayemtaka anirejeshee tumboni kwanza, kisha amchukue." Wakatazamana. Mmoja wao alikuwa mtu wa kwao, akaamkia, "Shikamoo Bi Mwanakombo," na wakatoka kwa adabu kama waliokosea nyumba. Mie nikaondoka nchi mwaka uliofuata, nikaja kuhiji, nikasahau kurudi. Lakini niliondoka na shingo yangu. Mwanamke aliyenipa shingo hiyo mara mbili, leo nimbadilishe kwa Salma ambaye hata kupika sijui kama anajua?

Kurudi, Abu Fahd aliendesha moja kwa moja mpaka Taifu. Hapo akasimamisha gari pembeni. "Jina la mwanamke tu! Mwanamke kafa!"

"Mama yako weye yuko hai?"

"Yuko hai."

"Basi nenda kamwambie leo umeandikiwa mwengine."

Mama yake namjua, namchemshia kahawa kila Ijumaa. Mtoto ana ngazi mbili lakini akikosea anarushiwa ndara mbele ya wageni. Nikamwona anaifikiria ndara ile. Nami nikamwambia: "Baba, kwetu Makunduchi siku ya Mwaka wenye ugomvi wanachapana kwa migomba mpaka hasira ziishe, kisha wanakula pamoja. Mwaka mpya hauingiwi na kinyongo."

"Migomba hapa mafi, hamna," akasema.

Akafikiri. Akashuka, akavua ile kamba nyeusi ya kichwani, akanichapa nayo begani. Nami nikavua kofia yangu nikamchapa nayo. Madereva wa malori wakapunguza mwendo kututazama. Tulichapana mpaka akaanza kucheka, tukaenda kula wali na mbuzi. Lakini akanambia wazi: "Nakusubiri mpaka Hija ipite. Lete pasi ya nchi yoyote. Bila ya pasi, sina la kukufanyia, watakuchukua." Nami sijui watanichukua wanipeleke wapi.

Basi nimekwenda ubalozini kwetu. Ndiyo, kwetu! Usishike mdomo. Pale dirishani yupo kijana wa bara, heshima tele, "Shikamoo mzee" mbele na nyuma. Kafungua fomu. "Mzee, uliondoka nchini kwa sababu gani?"

Nikamjibu: "Mlitaka kuniua, mwanangu. Sasa nimekuja kuchukua pasi."

Maskini, kalamu ikamponyoka. Akaangalia nyuma kama bosi kasikia, kisha akaandika "Hija". Kijana ana akili, atafika mbali. Akasema upande wa baba haumsaidii kitu, karatasi zake zimepotea na babu alishuka bila ya karatasi. Lakini kama mama ni mzaliwa wa Makunduchi, na sheha wa kule, mkubwa wa kijiji, akaandika barua kuwa anamjua, na nduguye akathibitisha, pasi itatoka. Unaona mambo? Kule Riyadhi nimekosa karatasi kwa ajili yake, na hapa hawataki mwengine ila yeye.

Kwa hiyo nakuomba, Mize. Nenda Makunduchi kwa Mjomba Vuai, ndiye ndugu yake aliyebaki hai, mwende pamoja kwa sheha. Najua unaogopa. Watakuuliza kaka yako yuko wapi na kwa nini alikimbia. Waambie ukweli, nimechoka kufichwa kama weye chini ya kitanda. Nchi ile nimezaliwa mie, sikuazimwa na Sultani wala sikukodishwa na Mngereza, na aliyekuja na panga hakunipa ruhusa ya kuzaliwa. Sheha akinuna, mkumbushe alikula fenesi letu akaumwa tumbo siku tatu, mama ndiye aliyemkanda.

Mpe salamu shemeji yangu, mumeo, mwambie nasikia mnapanga foleni ya mchele tena, na safari hii hawaulizi pua. Hayo nayo ni maendeleo. Shangazi Bi Time, dada yake baba, mwambie asinikasirikie kwa kuukataa Ushihiri. Sikuukataa, nimekataa kujikata mguu mmoja. Mwanao Khadija, mwalimu wetu, akusomee barua hii polepole, na asinisahihishe.

Barua ya sheha ije kabla ya Hija. Safari ile mama alinitetea kwa mwiko. Safari hii hana mwiko, ana weye.

Nduguyo,
Mbarouk wa Mwanakombo